Kipengele cha Tisa

Bwana Humud, nakuandikia kwa Kiswahili
kwani nilikusikia pale ngazini
ukimgombeza dereva wako kwa Kiswahili,
nikajua ndiyo lugha uliyonyonyeshewa.
Mkataba wa Kiarabu nimesomewa na mwanangu Muadh
mara tatu. Mara ya tatu alikuwa akipiga miayo.

Kipengele cha tisa: matengenezo madogo juu ya mpangaji,
makubwa juu ya mwenye nyumba.
Basi. Hakikusema
kidogo kinakoma wapi, kikubwa kinaanzia wapi.

Balbu ni zangu. Hujapata kupigiwa simu kwa balbu.
Raba ya bomba la jikoni yangu,
baisa mia tatu dukani kwa Rafiqul, hapa hapa Hamriya.
Kitasa alichokivunja Muadh kwa mpira, changu,
na nilikilipa kabla hujauliza.

Lakini bomba lililomo ndani ya ukuta
sijapata kuliona. Sijui hata rangi yake.
Nalijua kwa sauti, usiku, likikohoa,
na kwa doa lililozaliwa Februari nyuma ya kabati,
dogo, kama kisahani cha kahawa.
Kila Ijumaa nalizungushia penseli na kuandika tarehe,
kama nilivyokuwa nikimpimia Muadh urefu mlangoni.
Doa linamshinda kwa kukua.

Ulimtuma Shibu na ngazi na ndoo ya rangi.
Akapaka. Nikampa chai.
Akaniambia, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza
na mimi nikasikiliza kwa changu cha kuokoteza:
"Mama, hii poda ya uso tu. Homa iko ndani."
Siku ya nane doa likachungulia.

Chini yangu anakaa Marisel, muuguzi wa zamu ya usiku.
Maji yanamdondokea kitandani mchana, saa zake za kulala.
Alinigongea mlango na sufuria mkononi,
nikamwomba radhi kwa ukuta usio wangu.
Hapo nilikuwa mwenye nyumba, Bwana Humud,
kwa dakika tano. Sikuipenda kazi yako.

Mwezi wa saba kiyoyozi kikanyamaza, saa nane mchana.
Ukaniambia kwenye simu: "Hukusafisha chujio."
Nikalivua, nikalisugua bafuni kwa mswaki mkuukuu,
nikalianika roshanini, likakauka kabla sijageuka.
Nikalirudisha. Moto vile vile.
"Kompresa," akasema Shibu, akionyesha dari kwa kidevu.
Kompresa iko juu ya paa,
na ufunguo wa paa uko kwenye mnyororo wako,
pamoja na ule wa gari.
Kitu nisichokuwa na ufunguo wake
kitakuwaje changu kinapoharibika tu?

Shuleni tulifunzwa: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Tuliiandika kwa mwandiko mzuri, tukapewa vema.
Mwalimu hakusema anayeambiwa ni nani,
anayelala chini ya ufa
au anayepokea kodi ya ukuta.

Shoga zangu wanasema hama.
Nihamie wapi, na hundi zangu kumi na mbili
zimo mtotoni mwa meza yako, zimetiwa saini zote?
Mimi nimeshaitimiza Disemba.
Wewe bado hujaitimiza Februari.

Jumapili asubuhi nakwenda Baladia.
Nimefunga bahasha: mkataba, risiti ya raba,
picha za doa kwa tarehe zake,
na barua ya Marisel, ambayo sikumwomba.
Sendi kwa ugomvi. Nakwenda kuuliza swali moja,
lile la kidogo na kikubwa,
mbele ya mtu mwenye muhuri.

Ukitaka kunijibu wewe kwanza, Jumamosi nipo.
Njoo na ufunguo wa paa.
Kahawa itakuwa tayari, na halua ya Barka.
Ila usikae upande wa kabati,
kanzu yako itaroa.